Tulipewa Debe, Hatukupewa Kinu

Wacha nianze na aibu yangu ili tumalizane nayo mapema.

Mwaka jana nilipanda matatu kutoka Nakuru town kurudi Keringet nikiwa na kifuko cha kahawa kwa begi. Robo kilo, buni nzima zilizokaangwa, na herufi AA zimeandikwa mbele kubwa kama namba ya gari. Nilikuwa nimelipa chapaa ambayo mama akijua ataniuliza kama nimerogwa. Nikafika nyumbani, nikaweka maji kwa moto, nikafungua kifuko, harufu ikajaa jikoni yote. Halafu nikasimama pale kama nguzo ya stima. Hizi ni buni. Nazisaga na nini?

Si nikachukua blenda ya mama. Dakika moja ya kelele, nikafungua kifuniko: huku vumbi laini kama poda, kule vipande vikubwa kama changarawe, na buni tatu nzima zikinitazama. Nikapika hivyo hivyo. Kikombe kikatoka kichungu na kichachu kwa wakati mmoja, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Blenda ikanuka kahawa wiki mbili, na kila avokado iliyosagwa humo iliniletea maneno.

Kogo, yaani nyanya yangu, alikuwa ameketi kando ya moto akiangalia sarakasi yote. Akachukua ule unga kidogo kwenye kiganja, akaugeuza kwa kidole, akauliza, "Hii umesaga, ama umeikata na panga?"

Nilicheka. Lakini nikwambie, hilo swali lake ndilo swali lote la kununua kisagio cha kahawa, na nitalirudia huko chini. Kilichonishtua ni alichosema baadaye. Kumbe kogo anaijua kahawa kuliko mimi. Akiwa msichana mdogo, miaka ya hamsini, alikaa na baba yake Solai, upande ule mwingine wa Nakuru, kwenye shamba la mzungu. Baba alikuwa skwota, na watoto walichuma kahawa. Unajaza debe, unapeleka kwa karani, karani anatia alama kwenye kadi. Debe likiwa na matunda mabichi ya kijani, halihesabiwi. Anakumbuka mpaka leo utamu wa lile ganda jekundu, kwa sababu walikuwa wanalifyonza msimamizi akigeuka.

Nikamuuliza, "Na kahawa yenyewe, kogo, ilikuwa na ladha gani?"

"Nitajuaje? Ile ilikuwa ya meli."

Hapo ndipo nilianza kusoma. Kwa sababu tumezoea kuambiwa ati Wakenya hatunywi kahawa kwa sababu sisi ni watu wa chai, kama vile ni kitu cha damu. Mimi siamini. Naamini hatunywi kwa sababu kuna mashine moja ndogo ambayo haikuwahi kufika jikoni mwetu, na kukosa kwake hakukuwa ajali.

Turudi nyuma. Mbuni wa arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia, jirani yetu kabisa. Lakini haukuja Kenya kwa kuvuka mpaka wa kaskazini. Ulienda Yemeni, ukazunguka dunia, ukafika kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, na hadithi inayokubalika zaidi ni kwamba wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa waliupanda Bura, kule Taita, mwaka 1893. Kutoka hapo ukafika misheni za Nairobi, halafu walowezi wakauchukua Kiambu, Thika, na huku kwetu Bonde la Ufa sehemu kama Solai na Subukia. Huku Keringet hapana. Sisi tuko juu sana, baridi yetu ni ya chai, viazi na pareto. Kahawa ingekufa kwa kutetemeka.

Sasa sikiliza. Kulima kahawa kulihitaji leseni, na kwa miaka mingi serikali ya kikoloni haikuwapa Waafrika. Sababu zilizotajwa zilikuwa za adabu sana: ati Mwafrika ataleta magonjwa ya mimea, ati atashusha ubora, ati akiwa na miti yake ataiba ya jirani mzungu halafu aseme ni yake. Sababu isiyosemwa kwa sauti ilikuwa rahisi zaidi. Mtu akiwa na mbuni wake nyumbani, nani atakuja kujaza debe lako?

Na usiniambie ilikuwa lazima. Hapo tu ng'ambo ya mpaka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walikuwa wanalima kahawa yao wenyewe. Mwaka 1925 tayari walikuwa na chama cha wakulima, na 1933 chama cha ushirika cha KNCU kikazaliwa. Mlima uko mpakani kabisa, zao ni lile lile, Mwingereza ni yule yule. Kenya ilikuwa na walowezi wengi wenye sauti kubwa, basi.

Huku kwetu majaribio yaliruhusiwa miaka ya 1930, Meru, Embu na Kisii, kwa vishamba vidogo na chini ya macho ya maafisa. Mlango ulifunguka kweli kweli na Mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, wakati serikali iliona ni bora Mwafrika awe na miti ya kahawa kuliko awe na bunduki. Sisi tunaoishi karibu na Olenguruone tunajua jinsi ile serikali ilivyopenda kumpangia mtu jinsi ya kulima. Familia za Wakikuyu ziliwekwa pale mwanzoni mwa miaka ya 1940, zikapewa masharti ya kilimo, zikakataa, zikala kiapo, na kufikia 1950 zilikuwa zimefukuzwa. Shuleni tulipita hiyo hadithi kwa aya moja. Na ni hapa tu, unaweza kwenda na boda.

Sawa, mlango ukafunguka, wakulima wadogo wakaingia kwa maelfu. Wakapewa miche mizuri sana, hilo siwezi kukataa. SL28, ule mbuni ambao watu wa kahawa duniani wakiutaja wanafunga macho, ulichaguliwa hapa Kenya miaka ya 1930 katika maabara ya Scott. Hizo herufi SL ndizo Scott Laboratories. Lakini angalia safari ya buni yenyewe. Unachuma tunda jekundu. Kiwandani linamenywa, linachachuka, linaoshwa, linaanikwa juani. Kisha linakobolewa, linachekechwa kwa saizi, linatiwa kwenye gunia, linapigwa mnada Nairobi, linashuka Mombasa. AA ni jina la tundu la chekecheke, namba 17 na 18, buni kubwa zinazobaki juu. Si jina la utamu. Nililipia saizi, wasee.

Hesabu mashine zote hizo: ya kumenya, ya kukoboa, ya kuchekecha. Zote zilikuja Kenya. Zilizobaki kule ng'ambo ni mbili tu, ya kukaanga na ya kusaga, na hizo mbili ndizo zinazogeuza mbegu ya kijani isiyo na harufu kuwa kitu cha kunywa. Mnyororo wetu ulikatwa hatua mbili kabla ya kikombe. Na mpaka leo zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Kenya huondoka ikiwa mbichi.

Mkulima wa Kisii au Nyeri angefanya nini na buni? Sheria ilimkataza hata kung'oa mti wake bila ruhusa. Kahawa ilikuwa pesa, na pesa hainywewi. Brazil ilipopigwa na baridi kali mwaka 1975 na miti ikafa, bei ya dunia ikapaa, na pale Chepkube, mpakani na Uganda, watu wakawa matajiri kwa magendo ya kahawa kutoka kwa Amin. Wazee wa Bungoma watakuhadithia mpaka usiku. Magunia yalijaa vyumbani mpaka watu hawana pa kulala. Na asubuhi wote hao wakaamka wakanywa chai.

Kile kilichoturudia kutoka ng'ambo kilikuwa kopo. Kahawa ya kukorogwa, ambayo dunia iliizoea baada ya Nescafé kuingia sokoni mwaka 1938. Unachota kijiko, unamwaga maji, umemaliza. Haihitaji mashine yoyote. Ndiyo vizazi vizima vya Wakenya vikaamini kwamba hiyo ndiyo ladha ya kahawa, na ladha yenyewe ikiwa hiyo, mimi pia ningechagua chai.

Chai sasa. Watu husema chai ilishinda kwa sababu ya maziwa na sukari, na kuna ukweli. Lakini kuna kitu kingine ambacho sijawahi kusikia mtu akikisema. Miaka ya 1930, huko Assam nchini India, kulitengenezwa mashine ya chai inayoponda, kurarua na kuviringa majani mpaka yanakuwa chembe ndogo ngumu. Karibu chai yote ya Kenya hupita kwenye mashine ya aina hiyo. Kwa hivyo pakiti ya majani ikifika nyumbani, usagaji umeshafanyika kiwandani. Mama anachukua kiganja kimoja, anatupa kwa sufuria. Chai ilikuja imesagwa. Kahawa ilikuja na mtihani.

Pwani hawakuwa na shida hii, na hapo ndipo hoja yangu inasimama vizuri. Mombasa na Lamu watu walikuwa wanakunywa kahawa kabla ya mlowezi yeyote kupanda mti Kiambu. Waliipata kwa njia ya Waarabu, na neno lenyewe, kahawa, na hata buni, yalikuja na jahazi hizo hizo. Muuza kahawa na dele lake la shaba, makaa chini, vikombe vidogo vikigongana mkononi, kashata pembeni. Nyumbani kulikuwa na kinu na mchi, buni zinakaangwa, zinatwangwa, zinachujwa. Yaani walipokuwa na kifaa cha kuponda, walikunywa. Baganda na Wahaya wa Bukoba wao waliruka hatua yote, walichemsha matunda na viungo, wakakausha, wakatafuna. Meno ndiyo yalikuwa kisagio. Huko Buganda watu wawili wakila chale za undugu waligawana buni moja, kila mmoja nusu yake, kwa kuwa ndani ya tunda moja mna mbegu mbili zilizolaliana.

Kwa hivyo mtu akiniambia kinu cha kahawa ni uzungu, namwambia twende kwa kogo.

Kogo ana jiwe. Liko nyuma ya nyumba, chini ya stoo, limelika katikati kama kitanda cha mtoto. Jiwe la chini limetulia, jiwe dogo la juu linasukumwa na mikono, na wimbi linapita katikati. Ukitaka unga laini unakandamiza, ukitaka chenga unalegeza. Hapo umeshaelewa kisagio cha kisasa, nimalizie tu jina. Vitu viwili vigumu, kimoja kimetulia, kingine kinatembea, na nafasi kati yao ndiyo inaamua saizi ya unga. Buni haiwezi kutoka mpaka iwe ndogo ya kupita kwenye ile nafasi.

Hata kinu cha kuzunguka hatukukisubiri kutoka dukani. Miaka ya 1930 na 1940 Wakipsigis walikuwa wanajenga vinu vya maji kando ya mito, mawe mawili ya duara, la juu likizungushwa na nguvu ya maji, mahindi yakiingia kwenye tundu la katikati na unga ukitoka ukingoni. Watu walichanga pesa za kuuza mahindi na mishahara ya mashambani kuvijenga. Baadaye zikaja posho mili za dizeli, na nyingi kati ya hizo hazina mawe. Ndani yake kuna nyundo za chuma zinazozunguka kwa kasi na kupiga mahindi mpaka yapite kwenye chujio. Kwa ugali ni sawa kabisa. Lakini hiyo ndiyo tofauti ya blenda na kinu. Moja inapiga bila kuchagua, nyingine inapima.

Wazungu nao walipitia njia hiyo hiyo. Dola ya Osmani ilikuwa na vinu virefu vya shaba vya mkononi, na Ufaransa familia ya Peugeot ilianza kutengeneza vinu vya kahawa mwaka 1840. Ndiyo, Peugeot ile ile. Yule simba ambaye wazee wetu walimjua kwenye pua ya 504 ya matatu, kwanza alikuwa alama ya misumeno yao, kuonyesha ukali wa meno. Gari lilikuja baadaye sana. Nikiona 504 kuukuu imeegeshwa Molo sasa naona kinu chenye magurudumu.

Haya, tuseme umekubali. Unanunua nini?

Kwanza kabisa, kataa kile cha visu. Kinauzwa bei rahisi, kinaitwa mashine ya kahawa, lakini ukifungua ndani ni panga dogo linalozunguka, blenda iliyopunguzwa mwili. Swali la kogo linajibu: hicho kinakata. Vumbi lake linatoa uchungu wote ndani ya sekunde, vipande vyake vikubwa havijaanza hata kulowa katikati, na wewe unakunywa vyote pamoja. Ndiyo ile siri ya kikombe kichungu na kichachu. Kuna pia vya umeme vinavyojiita vya meno na ndani yake mna visahani vyenye vijiti butu, vinavyovunja buni badala ya kuikwangua. Muombe muuzaji akifungue. Akikataa, toka.

Pili, fikiria stima. Huku Keringet mvua ikianza tu, tunajua jioni itakuwa ya giza. Kinu cha mkono hakina shida hiyo, na kwa pesa ile ile unapata meno mazuri zaidi kuliko ya umeme, kwa sababu hujalipia mota. Meno ya kauri ni ya bei nafuu na hayapati kutu, lakini yanasaga polepole na yakikutana na kijiwe yanaweza kuvunjika kidogo. Meno ya chuma cha pua yanakula haraka. Unaposhika kinu dukani, fanya kitu kimoja: shika mhimili wa kati uutikise. Ukicheza, meno yatakuwa yanakaribiana upande mmoja na kuachana upande mwingine, na unga utatoka wa saizi mbili. Mhimili ukitulia, hata kama jina la kampuni hulijui, una kinu.

Mimi nilinunua cha mkono wa pili, chuma, elfu nne, kutoka kwa barista mmoja wa Nakuru aliyekuwa anaongezea kununua kikubwa. Elfu nne si pesa ya kuchezea, nakubali. Lakini nilipiga hesabu ya kahawa za kwenye kafe town na nikanyamaza.

Matumizi sasa. Kabla ya kuweka buni, kaza skurubu ya saizi mpaka mkono ukatae kuzunguka. Hapo ndipo sifuri yako. Halafu legeza ukihesabu mibofyo, na uandike mahali, kwa sababu utasahau. Kama unatumia ile birika ya glasi yenye chujio la kusukuma chini, unataka chembe kubwa, kama chenga za mahindi. Birika ya moka inataka kitu karibu na chumvi laini. Kahawa ya Pwani inayochemshwa kwenye dele inataka unga wenyewe, kama wa ngano. Anza na gramu 15 kwa kikombe kikubwa cha mililita 250. Ikitoka chachu na maji maji, kaza kidogo. Ikitoka chungu na ikakukausha ulimi, legeza. Badilisha kitu kimoja kwa siku moja, usiguse kila kitu halafu ulalamike.

Na kuna kitu video za ng'ambo hazitakwambia. Wao wanasema chemsha maji halafu uyaache yapoe kidogo. Huku tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kabla hata hayajafika nyuzi 94. Yakitokota, mimina. Usiyasubiri. Nami husaga laini kidogo kuliko wanavyoshauri, kwa sababu maji yetu hayana joto la kutosha kuvuta kila kitu kutoka kwenye chembe kubwa.

Saga unachokunywa sasa hivi tu. Buni nzima inavumilia wiki kadhaa ikiwa imefungwa vizuri, lakini ukishaisaga harufu inaanza kutoroka dakika hiyo hiyo, na ile harufu ndiyo uliyolipia. Ukimaliza, fungua meno uyapige brashi kavu. Maji kwenye meno ya chuma yanaleta kutu. Na usije ukasagia mdalasini humo, hata kama rafiki yako anakuambia itakuwa poa. Hautatoka kamwe.

Hatua ya kuchambua sikuisoma popote, nilifundishwa. Siku nilipoleta kinu nyumbani, nilitaka kumimina buni moja kwa moja. Kogo akanizuia, akazimwaga kwenye uteo, akaanza kuzipitia kama maharagwe. Akatoa vijiti viwili na kipande cha kijiwe kidogo kama punje ya wimbi. Akakiweka kwenye kiganja changu bila kusema neno. Hicho kingemaliza meno ya elfu nne.

Halafu akaomba kinu. Nikamwonyesha mkono unavyozunguka, lakini hakuwa anasikiliza. Alikibana katikati ya magoti, akainama kidogo mbele, na mabega yakaanza kwenda kwa mwendo ambao nimeuona tangu utotoni pale nyuma ya stoo. Mimi huchukua dakika moja na nusu na kupumzika mara mbili. Yeye hakupumzika. Katikati akasimama, akaweka sikio karibu, akasema jiwe linakula vizuri, akaendelea.

Buni zilikuwa za Kipkelion, si mbali na hapa, ukivuka kuingia Kericho ukashuka kwenye joto. Sikupata za Solai. Nilipika kwa birika ya glasi, dakika nne, nikamwekea kwenye kikombe chake cha bati bila kitu, nikitaka aijue kwanza yenyewe.

Akanusa. Akaonja kidogo, akashika kinywani muda mrefu kama mtu anayetafuta jina la mtu.

"Kwa hivyo hii ndiyo ilikuwa inaenda kwa meli," akasema. Kisha akaniuliza maziwa yako wapi.